Mkono usiingie kwenye mashine ya theluji, hata injini ikiwa imezimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niwafikie wasomaji wenzangu wanaoishi katika nchi za baridi, pamoja na jamaa zao walioko nyumbani wanaozungumza nao kwa simu kila wiki. Ninaishi Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani, mahali ambapo Kiswahili husikika kanisani, msikitini, madukani na katika nyumba za kutunzia wazee ambako wengi wetu tunafanya kazi. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa jenereta na pampu za maji mjini Tanga, na ufundi huo umenifuata. Kila mwaka theluji ya kwanza inapoanguka simu yangu haitulii, kwa sababu mashine za kuondolea theluji zilizokaa bandani tangu mwezi wa Machi hukataa kuwaka zote siku moja. Hata hivyo, kilichonifanya nishike kalamu leo ni vidole vya watu, maana mashine iliyogoma nitaitengeneza, lakini kidole kilichokatika sina spana yake.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, mashine hii hutangulia mbele ya mtu mfano wa toroli, na mdomo wake mpana wa chuma huchota theluji iliyolala chini. Ndani ya mdomo huo mna mhimili wenye mabapa yaliyojiviringa kama parafujo ya kinu cha kusagia nyama, ambao huikata theluji na kuivutia katikati. Katika mashine ndogo kazi huishia hapo, kwani mabapa hayo hayo, ambayo aghalabu huwa ya mpira, ndiyo yanayoirusha theluji kupitia bomba lililo juu. Mashine kubwa zina hatua ya pili, yaani feni ya chuma iliyofichika nyuma ya parafujo, ambayo huzunguka kwa kasi zaidi na kuirusha theluji umbali wa mita 10 na kuendelea. Tangu Arthur Sicard wa Quebec, Kanada, alipotengeneza mashine yake ya kurusha theluji iliyobebwa na gari, mwaka 1925, wazo limebaki lile lile: kata, vuta, rusha.

Mtu wa pwani anaweza kuuliza kwa nini tusitumie beleshi tukaepukana na hatari hiyo. Wengi hutumia, nami natumia theluji inapokuwa chache. Lakini chukua njia ya gari ya nyumba moja, yenye upana wa mita 6 na urefu wa mita 15, uifunike kwa theluji ya sentimita 30. Hizo ni mita za ujazo 27. Theluji kavu ya kiasi hicho hukaribia uzito wa tani 2, na ile yenye maji hupita tani 5, na mtu huitoa yote alfajiri kabla ya kwenda kazini, mara nyingine akiwa ametoka zamu ya usiku. Kuna watu ambao moyo umewasimama wakiwa na beleshi mkononi. Mjini Minneapolis, tena, sheria humtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Kwa hiyo mtu mwenye umri wa kwenda mbele, au mwenye shinikizo la damu, hainunui mashine hii kwa anasa.

Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yalikuwa ya tatu kwa wingi wa theluji katika kumbukumbu za Minneapolis na Saint Paul, kwani ilianguka zaidi ya sentimita 225. Mwanzoni mwa Januari 2023 ilikuja theluji nzito yenye maji, ile ambayo ukiiminya inashikana kama unga wa ugali uliokosa kuiva. Shemeji yangu alikuwa na mashine kubwa, yenye feni, ambayo alikuwa ameinunua mwezi mmoja kabla kutoka kwa ndugu yetu mwingine aliyekuwa akihama. Alipofika mwisho wa njia yake ya gari, pale ambapo magari ya kusafishia barabara huacha ukuta wa theluji iliyochanganyika na chumvi na barafu, bomba lilizibika. Aliizima injini. Alingoja hata ule mngurumo ukaisha kabisa. Kisha akaingiza mkono kwa juu, ukiwa ndani ya glavu nene, akaanza kuikwangua ile theluji iliyoshindiliwa kwenye koo la bomba. Bonge lilipoachia, feni ilijigeuza, si zaidi ya nusu mzunguko kwa jinsi alivyonieleza, ikamkata ncha ya kidole cha kati na ya kidole cha pete. Glavu ilibaki ndani ya bomba. Niliitoa mimi jioni yake, na sitaki kueleza zaidi.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu shemeji hakuwa mzembe. Sisi tuliokulia karibu na mashine za kukamulia miwa na za kukobolea mahindi tulifundishwa tangu utotoni kwamba zima kwanza, ndipo uguse, na yeye alifanya hivyo hasa. Tatizo ni kwamba somo hilo halitoshi kwa mashine hii. Feni na parafujo huzungushwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye injini. Theluji inapobana feni ghafla huku injini ingali inavuta, mkanda na vyuma vinavyoungana nao huweza kubaki vimekazwa, kama upinde uliovutwa ukaachwa hivyo. Injini inazimwa, lakini ule mkazo bado umo ndani, na kitu pekee kinachouzuia ni lile bonge la theluji ambalo mtu anaenda kulitoa kwa vidole vyake. Ndiyo maana madaktari wa mikono hurudia onyo hili kila mwaka, na ndiyo maana hatari huzidi siku za theluji yenye maji, kwa kuwa siku hizo ndizo bomba linapozibika kila baada ya hatua chache.

Dawa yake ni kijiti. Mashine nyingi mpya huja na kijiti cha plastiki kilichopachikwa kwenye bodi lake, chenye ncha bapa kama mwiko, na kazi yake ni kuzibua tu. Bomba likiziba, achia vishikio, zima injini, chomoa ufunguo, subiri mpaka kila kitu kisimame, kisha zibua kwa kijiti hicho ukiwa umesimama pembeni. Kama kijiti kimepotea, mpini wa ufagio unafaa kabisa. Mkono usiingie kabla ya kijiti, na usiingie baada ya kijiti kumalizia vibonge vidogo vilivyobaki. Washa injini, feni yenyewe itavitoa.

Kijiti hicho ndicho kinachopotea kwanza mashine inapobadilisha mikono, na sisi karibu wote tunanunua zilizotumika. Mashine ya shemeji haikuwa nacho. Ilikuwa na vishimo viwili tu kwenye bodi palipokuwa pamepachikwa, na karatasi ya onyo iliyochorwa vidole ilikuwa imepauka kwa jua isitambulike ni picha ya nini. Kijitabu cha maelezo hakikuwapo, na hata kingekuwapo kingekuwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, kama vilivyo vyote nilivyopata kuvishika mimi. Wazazi wetu waliotufuata huku uzeeni, na ndugu zetu waliofika kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, wengi wao husoma Kiswahili vizuri sana, lakini kwa habari ya mashine hii hakuna walichoandikiwa.

Matokeo yake ni kwamba tunaelekezana kwa simu bila kuwa na majina ya vitu. Mtu ananiambia "ile nanii ya mbele imekwama", nami sijui kama anasema parafujo, feni au bomba, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nimwambie nini. Mimi nimezoea kutumia maneno haya haya niliyoyaandika hapa: mdomo, parafujo, feni, bomba na kijiti. Kama wasomaji wana maneno bora zaidi nitayapokea kwa shukrani, mradi tuwe na maneno.

Liko neno moja zaidi ninalolihitaji kila wiki, nalo ni pini ya kukatika. Parafujo haishikwi kwenye mhimili wake kwa bolti ya kawaida. Hushikwa kwa pini laini iliyotengenezwa makusudi ikatike pale mashine inapogonga jiwe, kipande cha kuni, au gazeti lililogandia ndani ya mfuko wake wa plastiki chini ya theluji. Pini ikikatika, parafujo hulegea na giaboksi, yaani sanduku la meno linaloizungusha, husalimika. Mtu asiyejua huona kitu cha senti kimekatika, huenda dukani akanunua bolti ngumu ya ukubwa ule ule, na hujiona amepata tiba ya kudumu. Siku atakapogonga jiwe la pili bolti haitakatika, na kitakachovunjika ni meno ya giaboksi, ambayo gharama yake mara nyingi hukaribia bei ya mashine nzima iliyotumika. Nunua pini za mashine yako hasa, uweke tatu au nne pamoja na spana yake, na kabla ya kuzibadilisha chomoa waya wa plagi.

Kuhusu kukataa kuwaka nitasema machache, kwa maana kila aliyewahi kumiliki jenereta anajua kisa chenyewe. Petroli iliyoachwa kwenye tangi miezi minane huchacha na kuacha gundi ndani ya kabureta, na petroli ya hapa, ambayo nyingi huchanganywa na ethanoli asilimia 10, hunyonya pia unyevu. Tundu linalopitisha mafuta ni jembamba kama la sindano, na gundi kidogo tu hulifunga. Nane kati ya mashine kumi ninazoitiwa Novemba huwa na ugonjwa huo, nami huzitibu kwa kufungua kikombe cha kabureta, kukisafisha, kuzibua tundu na kutia petroli mpya. Mtu angeweza kujiepusha nao kwa kuiacha injini iungurume mpaka mafuta yaishe mwisho wa majira, au kwa kutia ndani ya petroli dawa ya kuihifadhi, kisha kuiwasha dakika chache ili dawa ifike kwenye kabureta.

Mambo mawili nimeyaona kwa macho yangu na yamenitia hofu. La kwanza ni vishikio vilivyofungwa kwa kamba. Mashine ina vishikio vya kubana mfano wa breki za baiskeli, na ukiachia kile cha parafujo, mabapa yanasimama. Mwenye baridi ya vidole hukifunga kamba ili asikibane saa nzima, na hapo akiteleza kwenye barafu mashine inaendelea kula iliyo mbele yake. Naomba kamba hizo zikatwe leo. La pili ni kuiwasha mashine ndani ya banda la gari lililoshikana na nyumba, ili ipate joto huku mwenyewe akimalizia chai. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, na kufungua mlango wa banda hakutoshi. Isukume nje kwanza, ndipo uiwashe.

Kuziba kwenyewe kunaweza kupunguzwa. Theluji ya maji isisubiriwe ikatimia. Toka mara mbili au tatu wakati ingali inaanguka. Injini iende kwa nguvu yake yote huku wewe ukitembea polepole, na mdomo uchote nusu ya upana wake badala ya upana wote. Ndani ya bomba pulizia mafuta ya silikoni kabla ya kuanza, theluji itateleza. Ukimaliza, iache parafujo izunguke hewani dakika moja au mbili itupe maji yaliyobaki, la sivyo asubuhi utaikuta imegandiana na mdomo.

Shemeji bado anaitumia mashine ile. Tulimnunulia kijiti kingine, akakifungia kwenye mpini kwa kamba nyekundu ya katani, na mwanawe wa miaka 16 alipoomba kuiendesha Desemba iliyopita, baba yake alimshikisha kijiti kwanza, akamwambia ataje kila sehemu kwa jina, ndipo akampa ufunguo.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba barua hii ichapishwe kabla ya mwezi wa Novemba, wakati mashine zingali bandani na watu wana nafasi ya kusoma. Kwa ndugu zangu wanaouziana mashine zilizotumika, ninaomba hivi: usipokee fedha ya mwenzako kabla ya kumkabidhi kijiti, na kama kimepotea, kata mpini wa ufagio wa zamani umpe huo. Nami niko tayari kuwaandalia kamati za misikiti na makanisa yetu ya hapa ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili, wenye michoro, wa kubandika kwenye ukuta wa banda karibu na mashine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mashine,
Brooklyn Park, Minnesota, Marekani