Maharagwe hayamletei mzee ugonjwa wa kusahau

Mhariri,

Makala iliyochapishwa katika ukurasa wenu wa afya wiki iliyopita ilieleza, tena kwa usahihi, kwamba ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kusahau unaowapata zaidi wazee, hukutwa na marundo ya protini. Kisha mwandishi akaongeza sentensi moja ya ushauri, kwamba wazee wapunguze vyakula vyenye protini, na sentensi hiyo ndiyo iliyoshikwa na wasomaji. Hapa mtaani kwetu Umoja, jirani yangu ameshamwondolea mamake maharagwe, ndengu, maziwa na yai la asubuhi, akamwachia chai ya rangi na mkate, eti ubongo usizidi kujaa. Mama huyo ana miaka 80 na ushei, na amekonda. Naomba nafasi ya kulisahihisha jambo hili kabla halijawakondesha wengine.

Protini tunayokula haiendi ubongoni kama ilivyokuwa kwenye sahani. Vimeng'enya vya tumboni na vya utumbo mdogo huikatakata mpaka zikabaki asidi amino, ambazo ni za aina 20 tu, na mwili huzitumia kuunda protini zake wenyewe kwa kufuata maagizo ya jeni. Mnyororo wa asidi amino ukishaundwa ndani ya seli, huwa haujafaa kwa kazi mpaka ujikunje na kupata umbo lake mahususi. Mmarekani Christian Anfinsen alithibitisha kwamba umbo hilo huamuliwa na mpangilio wa asidi amino zenyewe: alichukua protini ndogo ya kongosho la ng'ombe, akaikunjua kwa kemikali, akaziondoa kemikali hizo, nayo ikajikunja upya pasipo kusaidiwa na kuendelea na kazi yake. Mwaka 1972 alitunukiwa Nobel ya Kemia kwa utafiti huo.

Si protini zote zinazorejea hivyo. Tazama yai la kuchemsha linalouzwa na kachumbari karibu na kila kituo cha matatu jijini. Kabla ya kuchemshwa, ute wake ulikuwa majimaji yanayopitisha mwanga, kwa kuwa kila protini ilikuwa imejikunja peke yake. Joto lilipozikunjua, zikanasana, ute ukawa mweupe na mgumu, na hata ukiliweka yai hilo kwenye friji mwaka mzima ute hautarudi ulivyokuwa. Ndani ya seli zetu kuna protini saidizi zinazozuia mnaso wa namna hiyo, pamoja na mitambo ya kuzivunja protini zilizoharibika, lakini ulinzi huo hulegea kadiri umri unavyosonga.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, kipande kiitwacho beta-amiloidi hukatwa kutoka protini kubwa iliyo kwenye utando wa seli za ubongo, vipande vikashikamana kuwa nyuzi nje ya seli, huku protini nyingine, tau, ikijisokota ndani ya seli. Katika ugonjwa wa Parkinson, unaomfanya mtu atetemeke, inayorundikana ni alfa-sinukleini. Zote hizo zimeundwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hakuna iliyotoka kwenye sufuria. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kiasi ambacho marundo hayo ndiyo chanzo cha ugonjwa, na ubishi huo una msingi, kwa sababu dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huyapunguza marundo ya beta-amiloidi lakini huchelewesha kudorora kwa kumbukumbu kwa kiasi kidogo tu.

Ugonjwa wa selimundu, tunaoufahamu vyema zaidi Kenya, unatoa ushahidi kama huo kwamba kasoro ya protini hutoka mwilini, ingawa si sawasawa na Alzheimer. Himoglobini ya mgonjwa, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, hujikunja ipasavyo. Kasoro ni asidi amino moja, ya sita katika mnyororo wa beta wenye asidi amino 146, ambayo huifanya himoglobini inate kwa nyingine inapoachilia oksijeni. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia nchini humu, alipima damu za Wakenya na kukuta kwamba katika jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Victoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni yenye kasoro hiyo, ilhali katika nyanda za juu hawakufika hata asilimia 1. Tofauti hiyo ilimwelekeza kwenye malaria, iliyoenea zaidi Pwani na kando ya ziwa kuliko nyanda za juu, wala si kwenye chakula.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi wenu angeweza kulitaja kujitetea, nami sitalificha. Prioni ni protini zilizopotoka umbo ambazo huziambukiza zile nzima upotofu huo, na zinaweza kweli kupita kwa chakula: ndivyo ugonjwa wa ubongo uitwao kuru ulivyoenea kati ya Wafore wa Papua New Guinea waliokula maiti za jamaa zao katika mazishi, na ndivyo ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulivyowafikia watu nchini Uingereza. Lakini chanzo hapo kilikuwa nyama au ubongo wa aliyekwisha kuugua. Githeri haihusiki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba ushauri wenu unaweza kuzaa kilekile mlichotaka kukizuia. Vitamini B12 hupatikana kwenye nyama, mayai na maziwa, na upungufu wake wa muda mrefu ni miongoni mwa visababishi vya kusahau ambavyo daktari anaweza kuvitibu, mradi vigunduliwe mapema. Misuli ya mzee nayo hupungua haraka zaidi anaponyimwa protini. Kwa hiyo naomba mchapishe sahihisho katika ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule, mkiwaeleza wasomaji waliokwisha kubadilisha mlo wa wazazi wao kwamba wawarudishie chakula chao, na kwamba mzee anayeanza kusahau apelekwe hospitalini akapimwe damu.

Mwalimu wa Biolojia,
Umoja, Nairobi