Barua kwa Asha: Utambe Ukiwa Hukohuko Bagamoyo

Manchester, Uingereza
Januari

Shoga yangu Asha,

Assalaam aleikum. Mimi huku mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nisalimie Mama, Bi Mkubwa, na wale watoto wote wa barazani. Salaam ziishie hapo kwanza, maana nina jambo na siwezi kulizungusha: nakuhitaji jukwaani, mwisho wa Februari. Wala hutapanda ndege.

Ile nafasi niliyokueleza kwa simu, ya kufundisha mwaka mmoja sanaa za kidijitali na maigizo ya jukwaani, ndiyo niliyomo sasa. Asubuhi darasani, jioni na wanafunzi kwenye ukumbi wa mazoezi, chumba cheusi kisicho na dirisha, projekta zinaning'inia darini. Mkataba unataka nifundishe, na kabla mwaka haujaisha nitoe onyesho moja ambalo mitambo na waigizaji wanategemeana kwelikweli. Kumwekea mwigizaji picha ya bahari mgongoni ni kazi ya dakika tano. Kumfanya aishi nayo ndiyo kazi.

Somo la kwanza sikuwasha kompyuta. Niliwaletea kioo. Mwaka 1862 pale London watu waliona mzuka ukitembea jukwaani kati ya waigizaji. Siri yake ilikuwa kioo kikubwa kilichoinamishwa mbele ya jukwaa, na chini, mahali wasipopaona watazamaji, mtu amesimama anamulikwa taa kali. Taswira yake ndiyo ilielea juu. Nikawauliza wanafunzi: mzuka ule ulikuwa nini? Walikaa kimya, kisha binti mmoja akasema, "Mtu." Nilitaka kumkumbatia! Alikuwa mtu anayepumua, anayeweza kusita. Hata mwaka 2016, kampuni ya Royal Shakespeare ilipoigiza tamthilia ya Shakespeare iitwayo Tufani kule Stratford, yule pepo Ariel alikuwa mwigizaji Mark Quartley, amevaa suti yenye vihisio, na kompyuta inachora umbo la pepo kufuata viungo vyake papo hapo. Akiinua mkono, pepo anainua. Ndiyo maana naikubali kazi ile.

Sasa sikiliza shida yangu. Onyesho letu ni hadithi ya usiku, mtambaji yuko Bagamoyo na watoto wake, hadhira nyingine iko huku, wanaonana na kusikiana. Tulijaribu na Shomari akiwa Dar. Akaita "Paukwa!" Wanafunzi wangu wakajibu "Pakawa!" kwa nguvu zote. Lakini jibu lilipomfikia alikwishaanza "Hapo zamani za kale", likamwangukia katikati ya sentensi. Akasimama. Wao wakadhani wamekosea, wakanyamaza. Ngoma ndiyo ilikuwa balaa zaidi, kila upande unamsubiri mwenzake, mwendo ukazidi kupoa mpaka ukafa.

Si uzembe wa mtu. Kutoka kwenu hadi huku ni zaidi ya kilomita 7,000 ukipiga mstari ulionyooka, na mkongo wa baharini unaobeba intaneti haunyooki, unapanda hadi Bahari ya Shamu ndipo uje Ulaya. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Zaidi ya milisekunde 35 (milisekunde elfu moja ni sekunde moja) zimeshaliwa na njia peke yake, bado kamera na kompyuta hazijachukua zao, na hizo huchukua nyingi. Wapiga ngoma huanza kuvutana sauti ikichelewa milisekunde 25 hivi. Pesa hainunui njia ya haraka kuliko mwanga.

Msimamizi wangu, mama mwema kabisa, akapendekeza turekodi sehemu ya mtambaji mapema, tuicheze usiku wa onyesho, hakuna atakayejua. Asha, nitajua mimi. Rekodi haimsubiri mtoto aliyechelewa kuitikia. Haimkemei anayesinzia wala hairefushi safari ya sungura kwa kuwa watu wameshika mbavu. Ebrahim Hussein alipoandika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi aliweka jukwaa zima mikononi mwa mtambaji mmoja, na nguvu yote iko kwa aliye mbele yake. Ukimwondoa huyo, umebaki na sinema.

Ninachotaka ni kuuacha ule ucheleweshaji uonekane. Uite "Paukwa", kisha usubiri, na watu wakuone unasubiri, jibu likivuka bahari. Wewe una ule ukimya wako wa kuwatazama watoto mpaka wanajikunja wenyewe, Shomari hana. Na ngoma tutairefusha kusudi: kila upande usikie mzunguko uliopita wa mwenzake. Kwa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko wa mapigo manne ni sekunde mbili kamili, na hizo kompyuta inazishika bila taabu. Tulijaribu juzi kati ya vyumba viwili vya hapa chuoni. Ikaingia, wallahi ikaingia!

Zubeda kaniambia unasema kutamba hakujazi chungu, unataka kufungua duka la khanga. Fungua duka, shoga, mtaji ukipatikana. Ila hili usilifanye bure. Bajeti ina fungu la msanii mwalikwa, na nimekuandika wewe, si "mfanyakazi wa kujitolea" kama walivyotaka mwanzo. Intaneti na jenereta pia nimevitia humo, umeme ukikatika tusiaibike.

Saa nayo nimeigombania. Walitaka saa moja na nusu usiku wa huku, ambayo kwenu ni saa nne na nusu, watoto wamelala zamani. Nimeomba saa kumi jioni. Kwenu itakuwa saa moja usiku, giza limeingia, maana wazee walitukataza hadithi za mchana na mimi sitaki kuanza kuvunja miiko ugenini.

Sasa nijibu haya. Utakubali? Watoto wa barazani wanafika wangapi, na wazazi wao wataridhia wapigwe kamera? Tutumie baraza lenu au uwanja wa nyuma, na wapi mtandao unashika vizuri zaidi? Babu Mkali bado anapiga msondo, au mikono imegoma? Hadithi ipi ungependa, ile ya binti na nunda au una mpya? Na mguu wa Mama umefikia wapi, mbona kila nikiuliza unabadilisha mazungumzo?

Niandikie kabla ya Ijumaa, bajeti inafungwa siku hiyo.

Shoga yako,
Rehema