Mwanangu, wakati wa kushuka usikimbie

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Barua hii anakuletea dada yako pamoja na ndizi, maana juzi kwenye simu uliitikia "sawa baba, sawa baba" mpaka nikajua hunisikii. Habari kwamba Jumatatu unapanda Kilimanjaro na wagumu, kubeba mizigo ya wageni kwa njia ya Machame, nimeipata kwa mama yako. Nilitaka niipate kwako. Hata hivyo nilitoka nikasimama kwenye migomba peke yangu, kwa furaha.

Nina jambo moja tu. Wakati wa kushuka usikimbie.

Kupanda hakunitii hofu. Kutakukata pumzi, lakini mapaja unayo. Hatari inaanza siku ile wageni wakisharudi kutoka kilele cha Uhuru, mnapokunja mahema pale kambi ya Barafu na kila mtu anataka kuwahi geti la Mweka. Mpaka getini mnateremka karibu mita 3,000 na mzigo kichwani, na mkiingia msituni ni matope na mizizi. Goti langu lilibaki huko.

Mwaka jana hospitali, mtaalamu wa viungo alinishikisha goti la plastiki, akanieleza mambo ambayo ningeyajua nikiwa na umri wako. Msuli hausukumi kamwe, kazi yake ni kuvuta tu. Ndiyo maana umewekwa pande mbili: misuli ya nyuma ya paja hukunja goti, ya mbele hulinyoosha. Hiyo ya mbele iko minne, huungana ikawa kano moja inayopita juu ya pia ya goti na kushika mfupa wa muundi. Mimi nilidhani ile pia ya goti ni kifuniko tu. Kumbe huinua kano isilale juu ya kiungo, ili mvuto wake uwe na nguvu.

Sasa sikiliza. Ukipanda, msuli wa mbele hujifupisha ukakuinua. Ukishuka, huvuta huku unarefuka. Ni kama mtu anayeteremsha ndoo iliyojaa kisimani: kamba inakwenda chini, lakini mikono haijaacha kushika. Kila hatua ya kuteremka, paja lako linakuteremsha hivyo wewe na mzigo wako. Kazi hiyo ndiyo huchana nyuzi za msuli, na ndiyo sababu kesho yake ukitaka kukaa kwenye kigoda mapaja yanakataa. Ukikimbia yakiwa yamechoka, kamba inaponyoka. Uzito wote unaangukia ndani ya goti, na kati ya mfupa na mfupa hakuna kinachoupokea ila gegedu.

Gegedu ni kile kitu cheupe unachokitafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Hakina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa ndani ya kiungo, unaoingia na kutoka goti likitembea. Kwa hiyo kutembea kunalifaa goti, ila gegedu likishachakaa halijiponyi kama ngozi. Langu limekwisha upande wa ndani. Picha nimeiona.

Mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Ndiyo sheria ya hifadhi, na mizani iko getini. Wapo wanaopokea mzigo wa mwenzao wakishaivuka mizani, wakaongezwa fedha. Usipokee. Mwaka tulioezeka nyumba hii, fedha ya bati ilitoka huko. Mama yako hajui.

Shuka kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Ukitua mguu umenyooka kama mti, pigo linapanda moja kwa moja mpaka nyonga na kiuno. Wanaotaka kukupita wapishe. Ukirudi, pumzika siku kadhaa kabla ya safari nyingine, kwa kuwa nyuzi zilizochanika hujiunga zikawa imara zaidi ukiwa umelala na umekula. Goti likivimba au likikwama, mwambie kiongozi siku hiyo hiyo, usifiche. Najua kwa nini unaweza kuficha. Uliporudi kutoka mpirani unachechemea, maneno niliyokuambia ningeyarudisha leo kama yangerudi.

Mjomba wako alikuona pale mjini na mfuko kichwani, mikono yote chini, shingo imenyooka. Nilimwambia anisimulie mara ya pili.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Majani nakata mimi asubuhi, jioni mdogo wako akitoka shule. Kupandisha ndoo kutoka mferejini kumenishinda, anabeba mama yako, na mvua ikinyesha njia ile inateleza sana. Bati la jiko limeng'oka upande wa mparachichi. Litakusubiri, ngazi sipandi tena. Karo ya mdogo wako bado haijatimia. Nitaongea na shule mwenyewe. Isije ikakufanya uongeze hata kilo moja.

Dada yako anayo pia fimbo yangu. Jana nimeipiga msasa. Ukishuka iegemee, sehemu ya uzito ihamie mkononi na begani. Kwako itakuwa fupi kidogo, ishike juu kabisa.

Ukifika geti la Mweka nipigie, hata kama ni usiku. Nitakuwa macho.

Baba yako