Risala ya Kikundi cha Bustani ya Maua ya Kando ya Barabara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na kijiji,
Uongozi wa kiwanda cha mvinyo, majirani zetu wa ukuta kwa ukuta,
Wakulima wa zabibu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, na tunajua vumbi la Agosti hapa Dodoma halimheshimu mtu hata akiwa na cheo. Karibu sana, na viatu tutavifuta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, njiani kutoka mjini umeona rangi mbili tu: wekundu wa udongo na ukijivu wa vichaka vilivyopukutisha majani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka ukiwa mzuri ni kama milimita 600 hivi. Ikifika Mei, mbingu imefunga. Kwa hiyo dereva anayetoka Iringa akikutana ghafla na ukuta wa mabogenvilia ya zambarau, chungwa na meupe, mguu unaondoka wenyewe kwenye mafuta. Hapo ndipo tulipotaka afike. Wapitao wengi wanadhani maua haya ni pambo la kiwanda. Sisi tunayahesabu kama duka.

Tueleze kwa nini. Zabibu katika mkoa huu zina historia na mapadri wa misheni ya Bihawana, waliohitaji divai ya misa. Leo Dodoma ndiyo kitovu cha zabibu nchini, na hali yetu ya hewa inaturuhusu kuvuna mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba kama sasa. Neema hiyo ina mwiba wake. Mtama unauweka ghalani ukisubiri bei, lakini zabibu haisubiri mtu. Ikishakatwa, kwa joto hili, baada ya siku chache inanywea na kuanza kuchachuka. Kiwanda kikisema matangi yamejaa, mkulima anabaki anatazamana na kreti zake. Kina mama walikuwa wakikimbizana na mabasi huku wamebeba sahani za zabibu kichwani, na basi lenyewe halisimami. Tukasema, badala ya kulifukuza gari, tulipe sababu ya kusimama.

Tulipolipeleka wazo kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja aliuliza, "Maua yanaliwa?" Wengine walicheka, sisi hatukucheka. Katika mkoa unaoijua njaa, hilo ni swali la haki. Mzee yule leo mjukuu wake anauza zabibu pale chini ya mkwaju, na yeye mwenyewe yuko mstari wa pili hapo, amevaa kofia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kilichopandwa hapa hakikuchaguliwa kwa uzuri peke yake. Bogenvilia tuliiweka mbele kwa sababu ikishashika mizizi haidai maji mengi. Ukiisogelea utaona kwamba ile rangi inayowaka ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Nyuma yake ni merigoldi, ambayo mizizi yake husaidia kupunguza minyoofundo, vile viminyoo vinavyoshambulia mizizi ya mimea, ardhini, kisha vinka za pinki na nyeupe ambazo hazitaki kubembelezwa. Alizeti zimekaa pembeni kwa ajili ya nyuki, na mbegu zake tunakamua.

Mawaridi umeyaona yamesimama peke yake, kila moja mwanzo wa mstari wa mizabibu. Huo ni utaratibu wa zamani wa wakulima wa mizabibu wa Ulaya. Waridi ni jepesi kushikwa na ubwiri unga. Kimelea chake si kile kinachoshambulia mzabibu, lakini vyote viwili vinapenda hali ya hewa inayofanana. Kwa hiyo majani ya waridi yakianza kujipaka unga mweupe, mkulima hangoji. Anakagua mizabibu yake na kuandaa salfa. Hatusemi waridi linachukua nafasi ya bwana shamba. Tunasema bwana shamba ni mmoja na vijiji ni vingi.

Mbolea tunaipata ng'ambo ya ukuta huu. Zabibu zikishakamuliwa, kiwanda kinabaki na makapi: maganda, mbegu na vikonyo. Makapi mabichi ni makali, ukiyamwaga kwenye miche unaichoma. Tunayachanganya na samadi ya mbuzi na nyasi kavu, tunayapindua kila baada ya muda, mpaka yapoe na ile harufu ya pombe iishe kabisa. Mboji inayotoka ni nyeusi na inamumunyuka mkononi. Hata chupa zilizopasuka midomo hazitupwi. Zimezikwa kichwa chini kuzunguka matuta, na jua la jioni likizipiga, watoto wanagombea kuhesabu za kijani na za kahawia.

Adui yetu mkubwa alikuwa mbuzi, na wa pili upepo wa kusi. Wote wawili tumewazuia kwa minyaa, uzio wa wazee wetu. Utomvu wake unawasha, mbuzi anajua, anapita mbali. Palipo na mwanya tumeziba kwa miiba.

Matunda ya kazi hii yapo. Wakati wa mavuno magari yanasimama, kreti zinapungua, na Jumamosi maharusi wanatoka mjini kuja kupiga picha, nao hawaondoki mikono mitupu. Miche ya maua nayo imekuwa biashara. Na kwa kuwa tuko kando ya barabara kuu, tulijiwekea sharti: dereva tunamuuzia zabibu na juisi, mvinyo akautafute akishafika kwake. Uongozi wa kiwanda ulilikubali sharti hilo bila kinyongo, na tunawashukuru mbele yako. Wamo kati yetu wasiogusa mvinyo hata tone kwa sababu ya imani zao, na palizi wanapiga kuliko sisi wengine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye yanayotukosesha usingizi.

Sehemu kubwa ya bustani hii imo ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na sisi tumeipima kwa kamba, hatubishani nayo. Hatujajenga hata banda. Tulichonacho ni ruhusa ya mdomo, na ruhusa ya mdomo huhama pamoja na aliyeitoa. Tunaomba utusaidie tufike TANROADS, wakala wa barabara, tupate kibali cha maandishi chenye masharti yake, hata kama sharti mojawapo ni kung'oa siku barabara itakapopanuliwa. Bogenvilia tutachukua vipandikizi tukaanze upya. Kinachotuumiza ni kuishi tukisubiri alama ya X ya kuondolewa.

La pili ni usalama, na hili linatutisha zaidi. Magari yanasimama popote, mengine nusu yake iko juu ya lami, na nyuma kuna lori lenye tela. Tunaomba mahali pa maegesho upande huu wa barabara na kibao cha kutahadharisha madereva kabla hawajafika. Kifusi na nguvu kazi tutatoa sisi.

La tatu ni maji. Kuanzia Juni tunanunua kwa boza, na boza lina siku zake. Wakati huohuo paa la kiwanda linamwaga maji mengi ya mvua mtaroni kila masika, na uongozi umekubali tuyavune. Mabati yapo, mifereji tutafunga wenyewe. Tumepungukiwa na simtanki mbili za lita 5,000 na mipira ya umwagiliaji wa matone.

Kabla hujaondoka, tumekutengea mche wa bogenvilia ya rangi ya chungwa na kikapu cha zabibu zilizokatwa alfajiri. Mche uupande palipo na jua la kutosha, na mwezi wa kwanza usiukoseshe maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.