Kibao cha nyumba ya baraza, Iringa mjini

Kamwene ndugu zangu,

Kuhusu wazo la kuweka kibao cha kumbukumbu kwenye ile nyumba ya baraza karibu na soko: kibao tusikiharakishe, tuanze na ulinzi wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja, bila tangazo, majengo ya kabla ya 1863. Yetu ni ya enzi ya mkoloni, hivyo lazima Waziri aitangaze kuwa jengo linalolindwa kwenye Gazeti la Serikali. Maombi yanapitia Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii.

Wazee wenye nyumba waridhie kwanza, kwa maandishi. Bila hilo mimi sipeleki barua popote, maana ikishatangazwa hawataweza kubomoa wala kubadilisha bila kibali.

Mwenye hati, risiti za kodi au picha za zamani azilete, hata zilizoliwa na mchwa. Tupige picha bawaba za mlango mkubwa na matofali ya kuchoma pale plasta ilipobanduka. Na tafadhali, fundi asiguse ukuta kwa saruji! Inazuia unyevu kutoka, tofali linamumunyuka.

Jumamosi saa nne asubuhi tukutane Boma, jengo la Wajerumani ambalo leo ni makumbusho, tuone maelezo yao yalivyoandikwa. Anayekuja aandike jina hapa chini.