Barua kwa Mwanangu: Nimelifumua Jaketi Lako

Mwanangu Neema,

Nimepata habari ya safari yako ya Loiyangalani, kule kando ya Ziwa Turkana, na siandiki ili nikuzuie. Pikipiki umeinunua kwa jasho lako, na barabara umechagua mwenyewe. Ninachokuomba ni usome kwa utulivu yale niliyoyaona katika majuma haya matatu ambayo nimekuwa nikijaribu mavazi ya kujikinga ya bei nafuu, kwa sababu najua akiba yako imekwisha kwenye pikipiki, na seti nzima ya dukani hutaiweza kabla ya Desemba.

Nilianza na lile jaketi la mitumba la soko la Gikomba uliloniachia, la shilingi 4,500. Nililipindua chini ya taa ya cherehani nikafumua bitana. Mabegani na kwenye viwiko nilikuta kinga za kweli, zinazopindika, zimechapwa kwenye mpira wenyewe EN 1621-1, yaani kipimo cha Ulaya cha kinga za viungo. Mgongoni nilikuta kipande cha sponji kisicho na alama yoyote. Nilikibana kati ya vidole viwili, na vidole vikakutana. Kinga ya mgongo ina kipimo chake, EN 1621-2: maabara huiangushia chuma kwa nishati ya jouli 50, kisha hupima nguvu inayopenya hadi upande wa mwili. Ya daraja la 1 haipaswi kupitisha wastani wa zaidi ya kilonewtoni 18, na ya daraja la 2 mwisho wake ni 9. Nimeitupa ile sponji, nikanunua ya daraja la 2, na nikaishonea mfuko ndani ya bitana ili isiteleze kuelekea kiunoni.

Mishono niliikagua kama ninavyokagua kazi ya mwanafunzi wangu. Mabegani na mikononi imepigwa mara mbili na kulazwa, kwa uzi mnene wa nailoni, na hapo sina neno. Ubavuni, chini ya kwapa, ulikuwa mstari mmoja tu, nami nimeongeza miwili. Mtu akiburuzwa kwenye lami, kitambaa kizuri hakimfai kitu ikiwa mshono umeachia kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Jumamosi iliyopita nilivaa jaketi hilo nikamwomba baba yako mdogo anipakie hadi Magadi, mwendo wa kilomita 110 hivi. Pale Corner Baridi, juu kabla ya kuteremka bondeni, upepo ulinipenya kiunoni nikatamani sweta. Tulipoteremka bondeni na kukaribia Olorgesailie, joto lilikuwa jingine kabisa, nikafungua zipu kama ambavyo kila mtu angefanya. Jaketi likajaa upepo na mikono yake ikaanza kupepea. Nilipopapasa kiwiko cha kulia, nilishika kitambaa kitupu: kinga ilikuwa imezunguka hadi upande wa ndani wa mkono. Kinga ile ina alama na daraja vyote, lakini kama tungeanguka dakika ile, mfupa wangu ungegonga changarawe bila chochote katikati.

Ndiyo maana sikuridhika na lebo peke yake. Huko uendako, karibu na Sarima, ndiko walikosimika mitambo 365 ya umeme wa upepo, na hawakuipeleka huko kwa bahati. Upepo ule utalishika jaketi lako kutwa nzima. Nimeshonea mikanda ya velkro juu na chini ya kila kiwiko, na mwingine kiunoni, kisha Jumatano tukarudi barabara ile ile hadi Olepolos huku zipu ikiwa wazi. Kinga hazikuhama. Ukivaa, kaza mikanda hiyo mkono ukiwa umekunjwa kama umeshika usukani; ukiikaza mkono ukiwa umenyooka, itakubana baada ya nusu saa nawe utailegeza.

Ile fulana ya wavu yenye kinga, uliyonionyesha picha yake, ni nafuu na haina joto, na mwilini inakaa vizuri kuliko jaketi lolote. Lakini soma lebo yake: EN 17092, kipimo cha vazi zima la pikipiki, daraja C. Maana yake ni kwamba inazuia kishindo tu, na dhidi ya kukwaruzwa na barabara haijapimwa. Inunue ikiwa utaivaa chini ya jaketi. Peke yake usiivae, hata Turkana, hata jua likiwaka.

Helmeti ya mitumba sitaikubali. Jaketi naweza kulifumua nikaona ndani. Helmeti iliyokwisha kugonga, povu lake la ndani limebonyea na halirudi, na kwa nje inaweza kung'aa kama mpya. Ile uliyopewa na muuzaji pamoja na pikipiki nilimvisha kijana wa hapa dukani, nikaifunga barabara, nikashika ukingo wa nyuma kwenye kisogo na kuivuta kuelekea mbele. Ilichomoka. Nimekuwekea shilingi 14,000 kwa ajili ya mpya. Tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni, yenye herufi E ndani ya duara na namba ya idhini inayoanza na 06, yaani kipimo kipya cha ECE 22.06. Hakikisha inakubana mashavu hadi uone tabu kidogo kutafuna, kwa sababu sponji za mashavuni hulegea kwa matumizi.

Glavu za ngozi nimezipata soko la Toi, zina kipande kigumu kwenye kitako cha kiganja, mahali ambapo mtu hujishikiza anapoanguka. Zinafaa. Koti la mvua chukua la kawaida, la kuvaa juu ya vyote. Mabuti ndiyo yananitia wasiwasi zaidi, kwani yale mawe meusi ya kuelekea ziwani hulaza pikipiki mara kwa mara, na mguu ndio unaobaki chini yake. Buti la kazi lenye chuma vidoleni halitoshi ikiwa pembeni mwa kifundo ni laini. Unataka lipande juu ya kifundo na lisikubali kukunjwa ubavuni ukilikamata kwa mikono miwili na kulisokota.

Imebaki suruali. Nimenunua kitambaa kizito na kinga za magoti na nyonga, lakini sijashona mifuko yake. Kinga ya goti iliyokaa sawasawa ukiwa umesimama hupanda pajani ukikaa, maana suruali huvutwa juu, kwa hiyo vipimo vyako vya kusimama nilivyo navyo daftarini havinifai. Njoo Jumamosi na pikipiki yenyewe, uje na mabuti utakayovaa. Utaipanda hapa uani, miguu juu ya vikanyagio, nami nitaweka alama ya chaki pale goti litakapokuwa.

Mama yako