Mtoto akiuliza, asinyamazishwe

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu wa miaka sita alinikwamisha juzi hapa Nkuhungu: “Babu, kwa nini zabibu zimejaa Dodoma, kwa shangazi Bukoba hakuna?” Nikabaki kukuna kichwa. Darasani aliuliza hilohilo, akaambiwa anapoteza muda.

Programu ya msingi ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa shule), iliyoanza 1997 kwa watoto wa miaka 3 hadi 12, hujengwa juu ya maswali ya namna hiyo: mtoto anachunguza, mwalimu anamwongoza. Ada zake, mh, tuwaachie wenye nazo. Lakini kuchota udongo wa shamba la mizabibu, kuumwagia kopo la maji na kutazama unavyoyanywa hakuhitaji dola. Walimu wetu wapewe japo kipindi kimoja kwa wiki.

Babu wa Nkuhungu,
Dodoma